Dawa za Miti na Maradhi ya Saratani

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba maradhi kwa hekima yake na akaumba dawa kwa rehema yake. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Tumeulizwa na baadhi ya ndugu zetu wa hapa mjini suala ambalo tumeona si vyema kulijibu kwa neno moja. Suala lenyewe ni hili: Mtu aliyepatwa na maradhi ya saratani, je, yafaa aache dawa za hospitali ashike dawa za miti, kwa kuwa miti ni umbo la Mwenyezi Mungu, na dawa za hospitali ni kazi ya mikono ya watu? Na wako wengine waliouliza kinyume cha hayo, wakasema: Je, si ujinga mtupu kuamini ya kwamba jani au mzizi waweza kuua saratani?

Jawabu yetu ni kwamba makundi haya mawili yote yamekosea, na kosa lao ni moja, ijapokuwa wanasimama pande mbili mbalimbali. Wote wamedhani ya kwamba mti na hospitali ni maadui. Lau wangalichunguza wangaliona kuwa nyingi katika dawa zenye nguvu anazopewa mgonjwa wa saratani hospitalini asili yake ni miti, tena mingine ni ile iliyokuwa ikitumiwa na waganga wa kienyeji. Na iko moja iliyotafutwa katika vilima vya hapa petu pwani, kama tutakavyoeleza. Lakini baina ya mti na dawa iko njia ndefu, na njia hiyo ni elimu. Mwenye kutaka kuiruka njia hiyo hujitupa shimoni, na humtupa na mgonjwa wake pamoja naye.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametuamrisha kujitibu, akatufundisha ya kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa yake. Kisha akaongeza, katika mapokezi ya Imamu Ahmad, kuwa dawa hiyo huijua aliyeijua na huwa hajui asiyeijua. Ndugu zetu wengi huishika sehemu ya kwanza ya mafundisho haya na kuiacha ya pili. Husema, “Kila ugonjwa una dawa,” kisha humwendea mtu yeyote mwenye chupa na mzizi, wasimwulize amejifunza wapi. Lakini Mtume ameifungamanisha dawa na kujua. Dawa iko, naam; ila yuko aijuaye na yuko asiyeijua, na si sawa kumweka huyu mahali pa yule.

SARATANI NI NINI

Neno saratani si geni kwetu. Ni neno la Kiarabu, na maana yake ni kaa, mnyama yule wa ufuoni tumjuaye sote. Matabibu wa kale waliuita ugonjwa huu kwa jina hilo kwa vile mishipa inayouzunguka uvimbe hutanda pande zote mfano wa miguu ya kaa. Ibn Sina aliuandika, na kabla yake aliuandika Abul-Qasim Al-Zahrawi, tabibu mkubwa wa Qurtuba katika nchi ya Andalusia, aliyefariki karibu na mwaka 1013. Al-Zahrawi alifundisha ya kuwa saratani ikiwa ni changa na ndogo, na iko mahali panapoweza kufikiwa, kama katika titi, basi na ikatwe yote. Ama ikiwa imekuwa kubwa na ya siku nyingi, alikiri waziwazi ya kwamba hakuweza kumponya mtu wake hata mmoja. Na tuyaweke maneno ya bwana huyu mioyoni mwetu, maana tutayarudia.

Elimu ya leo imeeleza zaidi. Mwili wa mwanadamu umejengwa kwa chembe hai ndogo mno zisizoonekana kwa macho, nazo huitwa seli. Kila seli ina kazi yake na ajali yake: huzaliwa, hufanya kazi, hufa, na nyingine hushika mahali pake kwa kipimo alichokiweka Muumba. Seli ya saratani ni ile iliyotoka katika utaratibu huo. Hujigawanya pasipo kuamrishwa, hukataa kufa wakati wake ufikapo, huwaingilia jirani zake, na mwisho husafiri kwa njia ya damu hata mapafuni, au inini, au mifupani, ikafanya makao mapya huko.

Na shida kubwa ya kuitibu ni hii: seli hiyo haikutoka nje kama kijidudu cha malaria. Ni mwana wa nyumba aliyeasi. Ana sura ya ndugu zake, anakula chakula chao, na amekaa kati yao. Kumwua si kazi. Kazi ni kumwua yeye na kuwaacha ndugu zake wazima.

KUUA NA KUBAGUA

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Kila siku twasikia ikisemwa kuwa jani fulani au mbegu fulani imeua seli za saratani mbele ya macho ya mabingwa. Mara nyingi habari hiyo ni ya kweli. Lakini imeziua wapi? Imeziua katika kibakuli cha kioo cha maabara. Na katika kibakuli hicho siki nayo huziua, na maji ya moto huziua, na chumvi nyingi huziua. Hapana mtu mwenye akili atakayesema kwa sababu hiyo kwamba siki ni dawa ya saratani.

Mambo matatu hayana budi kuthibiti kabla ya kitu kuitwa dawa. Kwanza, kifike pale penye ugonjwa kikiwa na nguvu yake, baada ya kupita tumboni na inini na katika damu. Pili, kibague, kiidhuru seli iliyoasi zaidi kuliko iliyo nzima. Tatu, wagonjwa waliokitumia waonekane kuwa wameishi zaidi, au wamepata nafuu zaidi, kuliko wenzao waliotibiwa kwa dawa nyingine. Mitihani hii mitatu imeangusha vitu vingi mno vilivyoshinda katika kioo.

Tuchukue mfano wa habasoda, kwa kuwa twajua ndiyo iliyo mioyoni mwa wengi. Hadithi ya habasoda ni sahihi, na sisi twaiamini. Mabingwa nao wametoa ndani yake kitu kiitwacho thimokwinoni, wakaona kuwa kinaua seli za saratani katika maabara. Hata hivyo mpaka leo hakijathibitika kwa wagonjwa kuwa ni dawa ya kuiponya saratani. Je, hadithi imesema uwongo? Haisemi uwongo kabisa! Imamu Al-Khattabi, mwanachuoni mkubwa wa hadithi aliyefariki mwaka 388 wa Hijra, aliieleza miaka elfu na zaidi iliyopita kwamba ni tamko la jumla lililokusudiwa mambo maalumu, kwa kuwa hakuna katika mimea mmoja uliokusanya tabia zote za kukabili maradhi yote. Basi anayeuza habasoda kwa mgonjwa wa saratani akamwambia aache hospitali, kisha akatia jina la Mtume juu ya chupa yake, hakuitukuza hadithi. Ameifanyia biashara, na siku mgonjwa atakapokufa, wajinga wataisingizia hadithi.

Wala asidhani mtu kuwa kuijaribu dawa ni uzushi wa Wazungu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, ameweka katika kitabu cha pili cha Qanuni yake masharti ya kuijua nguvu ya dawa kwa kuijaribu. Alitaka dawa iwe safi isiyochanganyika na kitu kingine. Ijaribiwe katika ugonjwa mmoja ulio wazi, wala si katika magonjwa yaliyoungana. Iangaliwe wakati inapoanza kufanya kazi. Na kazi yake ionekane daima au mara nyingi, kwani lililotokea mara moja huenda likawa limetokea kwa bahati. Tena alitaka ijaribiwe katika mwili wa mwanadamu, kwa kuwa yaliyompata simba au farasi si lazima yampate mtu. Haya ni ya wazee wetu. Wengine wameyaokota wakayajenga juu, na sisi tumebaki kuuliza kama yafaa.

UA LA BUSTANINI

Sasa tutaje mifano miwili ya mimea iliyopita katika njia hiyo hata ikawa dawa.

Wa kwanza ni mmea mdogo wenye maua ya rangi ya waridi au meupe, petali zake tano, asili yake kisiwa cha Madagaska. Wengi wetu tunao katika mabustani na mbele ya nyumba. Watu wa nchi mbalimbali walikuwa wakichemsha majani yake kwa ugonjwa wa sukari. Mwaka 1952 tabibu mmoja wa Toronto, nchi ya Kanada, jina lake Clark Noble, aliletewa bahasha yenye majani 25 kutoka Jamaika, alikoambiwa kuwa watu huyanywa kama chai kwa ajili ya sukari. Alimpelekea ndugu yake, Robert Noble, aliyekuwa akifanya uchunguzi katika chuo kikuu cha Western Ontario.

Robert Noble aliyajaribu majani yale, na sukari haikushuka. Lau angalikuwa mtu wa haraka, angaliyatupa. Lakini aliona jambo jingine: wanyama aliowapa maji ya majani yale kwa sindano walipungukiwa na seli nyeupe za damu. Akafikiri, kama kitu hiki kinapunguza seli nyeupe, basi huenda kikafaa kwa saratani ya damu, ambayo ni ugonjwa wa seli hizo kuzidi na kuasi. Yeye na mwenziwe Charles Beer walifanya kazi hata mwaka 1958 wakatangaza kitu walichokitoa katika mmea ule, nacho ni vinblastini. Mabingwa wengine huko Marekani walikuwa wakiuchunguza mmea huo huo, wakapata ndugu yake, vinkristini, iliyoruhusiwa kutumiwa huko mwaka 1963.

Kazi ya dawa hizi ni ya ajabu. Seli inapotaka kujigawanya, hujenga ndani yake nyuzi nyembamba za kuvutia nusu huku na nusu huku. Vinkristini huzuia kujengwa kwa nyuzi hizo, na seli hukwama katikati ya kazi yake ikafa. Na kwa kuwa seli za saratani hazipumziki kujigawanya, ndizo zinazopigwa zaidi. Zamani mtoto aliyepatwa na saratani kali ya damu alikuwa karibu hana matumaini. Leo, katika nchi zenye matibabu kamili, watoto kama 9 katika kila 10 hupona, na vinkristini ni moja katika dawa wanazopewa kwa pamoja.

Lakini angalieni mambo mawili. La kwanza, waliokuwa wakinywa majani yale walikuwa na dawa kubwa mikononi mwao, na hawakuijua. Walidhani ni ya sukari. Mti ulikuwa na siri, na siri haikufunguliwa ila kwa kuuliza na kupima. La pili, asije mtu akachuma ua la mlangoni pake akalichemsha akidhani amepata dawa ya hospitali bila ya malipo. Mamia ya kilo za majani makavu ya mmea huo hutoa gramu moja tu ya dawa hizi, na ndani ya jani zimo sumu nyingine nyingi. Hata vinkristini yenyewe, iliyosafishwa na kupimwa kwa miligramu, huumiza mishipa ya fahamu ikatia ganzi vidoleni, kwani haibagui kwa ukamilifu. Ikiwa tabibu aliyesoma huitoa kwa hofu, vipi mtu aichote kwa kikombe?

MTI WA MILIMA YA SHIMBA

Mfano wa pili uko karibu nasi zaidi. Katika msitu wa Milima ya Shimba, huko Kwale, huota mti mdogo ambao mabingwa wauita Maytenus buchananii. Imeandikwa na waliochunguza habari za miti ya dawa ya kwamba Wadigo wa pande hizo walikuwa wakiutumia tangu kale kwa maradhi ya namna ya saratani.

Mwaka 1972 mwanakemia S. Morris Kupchan wa chuo kikuu cha Virginia, Marekani, pamoja na wenziwe, walitangaza kitu walichokitoa katika mti wa jamii hiyo uliotoka Ethiopia. Wakakiita maitansini. Nacho huzuia zile nyuzi tulizozitaja, lakini nguvu yake katika maabara ilikuwa mara mia na zaidi kuliko dawa zilizokuwa zikitumiwa. Katika mti mzima hupatikana kidogo mno, miligramu chache tu katika kilo. Ndipo walipohitaji miti mingi, na mingi yake ikatoka Milima ya Shimba: zaidi ya tani 27 zilikatwa zikapelekwa Marekani kwa ajili ya taasisi yao ya saratani. Miaka minne baadaye walipotaka mingine, ilikuwa taabu kuipata, kwa sababu iliyokatwa ilikuwa haijachipuka vya kutosha.

Dawa ilipojaribiwa kwa wagonjwa, ilishindwa. Nguvu yake ilipiga pasipo kuchagua. Iliwadhuru wagonjwa matumbo na mishipa ya fahamu kabla ya kuwafaa. Ikawekwa kando. Hebu tuzingatie: huu ni mti ulio kweli na dawa ya saratani ndani yake, tena umesafishwa na mabingwa, na bado haukuwa dawa kwa sababu haukujua kubagua. Basi ni vipi kwa gome lililochemshwa chunguni?

Lakini wenye elimu hawakukata tamaa. Walijua kuwa katika baadhi ya wanawake wenye saratani ya titi, kama mmoja katika kila watano, seli zilizoasi huwa na alama nyingi mno juu ya ngozi yake, nayo ni protini iitwayo HER2. Na walikwisha tengeneza kingamwili inayoijua alama hiyo na kuishika. Wakaifunga sumu ya maitansini, kwa umbo walilolibadilisha kidogo, juu ya kingamwili hiyo kwa kifungo kisichofunguka njiani katika damu. Kingamwili huenda ikashika mlango wenye alama, seli huimeza, na ikisha kuimeza huivunja, ndipo sumu hufunguka ndani ya nyumba ya mwasi. Jirani asiye na alama hupitwa kwa sehemu kubwa. Sumu ni ile ile iliyoshindwa. Iliyoongezwa ni elimu ya kuiongoza.

Dawa hiyo, trastuzumabu emtansini, ilijaribiwa kwa wagonjwa 991 ambao saratani yao ilikuwa imekwisha enea, ikilinganishwa na dawa zilizokuwa zikitumiwa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2012: muda wa kuishi wa waliopewa dawa mpya, kwa kipimo cha katikati, ulikuwa miezi 30.9, na wa wenzao miezi 25.1, tena waliopatwa na madhara makali walikuwa wachache kuliko wale wengine. Ikaruhusiwa Marekani mwaka 2013. Kisha ikaonekana mwaka 2018 kuwa, kwa wale ambao saratani yao haijaenea lakini imebaki kidogo baada ya matibabu ya mwanzo, dawa hii hupunguza kwa nusu hatari ya ugonjwa kurudi au ya kufa kwake. Na leo haikatwi miti tena kwa ajili yake, kwani ilivumbuliwa kuwa iko bakteria inayotengeneza kitu cha jamii hiyo, nayo hukuzwa katika mapipa.

Toka kutangazwa kwa maitansini mpaka kuruhusiwa kwa dawa ilipita miaka 41. Katika miaka hiyo yote, sisi watu wa pwani tulichangia nini? Tulichangia kuni. Mti ulikuwa wetu, kilima chetu, na ujuzi wa kwanza wa wazee wa Kidigo. Lakini maabara haikuwa yetu, wala aliyeisoma kemia hakuwa mwanetu. Na leo dawa iliyotokana na habari ya mti huo ni ghali mno, hata mama wa Kwale hawezi kuinunua. Serikali ya Kenya ilitunga sheria ya kulinda ujuzi wa jadi mwaka 2016, na hilo ni jambo jema. Lakini sheria hulinda kile mtu anachokijua kuwa anacho. Mjinga hunyang’anywa mchana, na akashukuru.

YATUPASAYO

Sasa tuseme wazi yale yanayotupasa, kwa kuwa elimu isiyokuwa na matendo ni hoja juu ya mwenyewe.

Kwanza, kwa mgonjwa na jamaa zake. Mwenye kuona uvimbe katika titi, au damu isiyo ya wakati wake, au shida ya kumeza inayozidi, au kidonda kisichopona, na asikae nyumbani. Mmekwisha sikia aliyoyasema Al-Zahrawi: ndogo na changa hukatwa, kubwa na kongwe humshinda tabibu. Maneno hayo yangali ni kweli leo. Wangapi katika dada zetu wameambiwa kuwa ni husuda, au ni pepo, wakapewa makombe na hirizi mwezi baada ya mwezi, hata uvimbe ukapasuka, ndipo wakapelekwa hospitali? Hao hawakufa kwa saratani peke yake; wamekufa kwa saratani na ujinga. Mwenyezi Mungu ametukataza kujitupa kwa mikono yetu katika maangamizo, na kukawia ukijua ni kujitupa.

Na aibu isimzuie mwanamke kuonyesha, wala wivu usimzuie mume kuruhusu. Wanachuoni wetu wameruhusu tabibu kutazama panapohitajika, kwa kadiri ya haja. Na akipatikana tabibu mwanamke, huyo ndiye anayetangulia. Huyo asipopatikana, kuihifadhi roho hutangulizwa.

Pili, dua na Kurani hatusemi ziachwe. Mgonjwa na asomewe, na aombewe, na atoe sadaka. Hizo hazishindani na sindano. Mtume wetu alimfundisha mtu amfunge ngamia wake kisha ategemee, hakumwambia achague moja. Na kama anakunywa habasoda, au asali, au mwarobaini, amwambie daktari wake bila ya kuficha, kwani ziko dawa za miti zinazopigana na dawa za hospitali, zikazivunja nguvu au zikazizidishia sumu.

Tatu, kwa wanaotibu na kuuza. Wako waganga wema wanaojua mipaka yao, na ujuzi wao wa miti ni amana kubwa ambayo haifai ife pamoja nao. Hao twawaomba wakae na waliosoma, waandikiwe yale wayajuayo kwa majina yao na kwa haki zao. Ama yule anayemwambia mgonjwa wa saratani “Nitakuponya kwa siku arubaini,” naye hajui saratani ni nini, na akumbuke ya kwamba Mtume wetu amemfanya mwenye kutibu pasipo kujulikana kwa utabibu kuwa ni mwenye kudhamini. Asipotozwa dhamana hiyo hapa duniani, ataikuta mbele ya Hakimu asiyedanganywa.

Nne, kwetu sote. Imamu Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, ameeleza katika Ihya kuwa utabibu ni faradhi ya kutosheleza, yaani usipopatikana wa kuusimamia katika mji, mji wote huwa na dhambi. Na alisikitika kuona miji ya Waislamu haina tabibu ila wa dini nyingine, na hali watu wamesongamana katika fiqhi, ambayo wenyewe wamekwisha patikana. Tumtazame mtu huyu, alisema hayo miaka mia tisa iliyopita, na ni kama amekaa barazani petu leo! Watoto wetu wangapi wanasoma kemia? Wangapi wanaijua miti ya Kaya na ya Milima ya Shimba kwa majina yake ya kitaalamu, na vilivyomo ndani yake? Twatumia mali nyingi katika harusi moja, na mtoto mwenye akili anakatiza masomo kwa kukosa karo.

Twawaomba wenye uwezo waweke wakfu kwa mambo mawili: kuwasomesha vijana wetu, wanaume na wanawake, elimu ya dawa na ya mimea, na kuwasaidia wagonjwa wa saratani maskini kwa nauli na gharama, maana wako walioanza matibabu katika hospitali kuu ya hapa Mombasa wakayaacha katikati kwa kukosa pesa za kurudia. Dawa iliyokatizwa ni kama mwasi aliyepigwa akaachwa hai. Na wenye msikiti watoe nafasi kwa madaktari Waislamu wazungumze na akina mama na akina baba, kama watoavyo nafasi kwa maulidi.

Kwa ufupi, ndugu zetu, aliyesema miti haina dawa amelikanusha neno la Mtume wake pasipo kujijua, na aliyesema mti wowote ni dawa mkononi mwa mtu yeyote amelikata neno hilo nusu. Mwenyezi Mungu ameitia dawa katika umbo lake, akaamrisha itafutwe. Wametafuta wengine katika kilima chetu, wakapata. Haikatazwi kwetu kutafuta.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotutangulia kwa maradhi haya, awape subira wanaowauguza, na awajaalie katika watoto wetu watu wa elimu watakaokuwa rehema kwa viumbe wake. Amin.